Kuku wa Kumshukuru Mgeni

Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa mtu wa simu. Watoto walimjua kwa sauti. Alijenga Mtwara, akajenga Kigoma, akajenga Dodoma, na sisi tuliobaki nyumbani, kijijini karibu na Ilongero, tulimfuata kwa masikio tu. Fundi wa madaraja hachagui pa kukaa. Anafuata kazi ilipo, ikiisha anafuata nyingine, na mke anabaki akipalilia uwele na alizeti na kuwaambia watoto kwamba baba yenu atakuja Krismasi, bosi akimruhusu.

Msidhani nilikuwa mke mpole wa kusubiri. Nilikuwa nampigia simu namfokea, nikimaliza kufoka nalia, nikimaliza kulia namuuliza amekula nini. Mara moja alikuja likizo, binti yetu mdogo akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akanifuata jikoni na kuniuliza kwa Kinyaturu, akidhani mgeni hataelewa, kama yule mjomba atalala hapa. Mume wangu alisikia. Alitoka akaenda zizini kuangalia ng'ombe, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo nikieleza habari za daraja letu, nataka ieleweke kwamba wenzangu walilitaka kwa ajili ya alizeti, wagonjwa na magari ya mnada. Mimi nililitaka kwa ajili ya mume. Lilikuwa linajengwa kwenye korongo kubwa upande wa kwenda Mkalama, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hukaa ng'ambo wakisubiri maji yapungue. Mkandarasi alitoka nje ya nchi, lakini mafundi wengi walikuwa wetu. Kutoka nyumbani, bodaboda ya asubuhi ilikufikisha saiti kabla chai haijatulia tumboni. Mume wangu aliposikia, akaacha kazi aliyokuwa nayo, akarudi, akaandikwa fundi nondo. Mimi nikafungua kibanda cha chakula nje ya geti: ugali, mlenda, maharage, na kuku kila Jumamosi. Jioni tulirudi tumepakiwa mishikaki, dereva, mimi na mume wangu, sufuria likining'inia pembeni na vumbi limetupaka wote rangi moja.

Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu. Nilikuwa namchungulia mume wangu akinawa miguu uani kama vile sijawahi kuona mtu akinawa. Binti yetu alikuwa sasa anamwita baba bila kufikiri, na anamgombeza akichelewa.

Pale saiti kulikuwa na Mfilipino mmoja, mtu mfupi, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Yeye ndiye alikuwa mtaalamu wa kuvuta nyaya. Mihimili ya daraja lile haikuwa zege na nondo tu. Ndani yake zilipitishwa nyaya nene za chuma, na zege likishakauka, nyaya zile huvutwa kwa mashine, jeki maalumu, mpaka mhimili wote unakazana, ndipo zinafungwa kwenye ncha. Mume wangu alinieleza kwa mfano wa kitanda cha kamba: usipokaza, unalala chini. Nikaelewa. Nikaelewa pia kwa nini mtu mmoja alitolewa mbali namna ile kuja kukaza kitanda chetu.

Mafundi wengi ni wachoyo wa kazi, na hili ninalisema mbele yao. Unakaa na fundi mwaka mzima, anakuruhusu kubeba, anakuruhusu kukata, lakini mkifika sehemu ngumu yenyewe anakutuma ukalete maji. Ukirudi na ndoo yako, sehemu ngumu imeshapita. Mume wangu alitumwa maji sana katika ujana wake. Ndiyo maana alipopangwa kufanya kazi na Mfilipino hakutegemea kitu. Siku ya kwanza walipofika kwenye jeki, mume wangu akachukua ndoo mwenyewe, akaanza kuondoka. Mfilipino akamwita kwa Kiswahili chake cha saiti, "Wewe unaenda wapi? Njoo. Hapa ndiyo kazi."

Akamfundisha kila kitu. Namna ya kusoma geji ya presha, namna ya kusikiliza waya unapoanza kulalamika, mahali pa kusimama na mahali ambapo hupaswi kusimama kamwe, maana waya ukikatika hauchagui wa kumpiga. Alipokosea, alimcheka kwanza, kisha akamrudisha mwanzo. Aliniita shemeji. Alikula mlenda, jambo ambalo hata watu wa Dar wanalishindwa, na Jumapili alikuja kanisani kwetu akakaa safu ya wanaume na kuimba asichokijua. Mchana alikuwa anampigia mkewe kwa video, ananigeuzia simu, na mimi na yule mwanamke tunapungiana mikono, hatujui la kuambizana. Nyuma yake alikuwa ametundika picha ya mumewe ukutani. Niliijua hali ile. Nilimwonea huruma kwa moyo wote, kama mtu aliyeshiba anavyomwonea huruma mwenye njaa.

Sasa nieleze kuku.

Katika ukoo wa mume wangu, mtu akikufundisha kazi mpaka ukaiweza, unampelekea jogoo. Humwachi aondoke naye. Anapikwa hapo hapo, watu wakishuhudia, na mwalimu anapewa firigisi na paja. Kisha mwanafunzi anasimama na kusema maneno. Si maneno ya unyenyekevu, maana ukisema bado hujui utakuwa umemtukana mwalimu kwamba hakufundisha. Unatakiwa useme kwa sauti kwamba unaweza, na sifa kubwa kuliko zote ni kumwambia: hata usipokuja kesho, kazi haitalala. Mkwe wangu aliambiwa hivyo na vijana aliowafundisha kutengeneza mizinga ya nyuki, na aliyakumbuka maneno hayo mpaka anakufa.

Mume wangu alipovuta mhimili mzima peke yake, Mfilipino akiwa amekaa pembeni anakula karanga, tukakubaliana Jumamosi ifuatayo tumpe jogoo wake. Nilimchagua mwenyewe, mwekundu, mwenye makucha ya ugomvi. Nilimpika toka asubuhi kwa sababu kuku wa kienyeji wa Singida hataki haraka. Mafundi wakaja, wenye zege, wenye nondo, vibarua, hata mhandisi wetu, Mtanzania kijana, akakaa kwenye benchi na sahani mapajani.

Tukiwa ndiyo tunanawa mikono, gari la serikali likasimama getini. Wakashuka maafisa wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuja kukagua vibali vya wageni. Hawakuwa watu wabaya, na sitawapaka ubaya kwa sababu tu ningependa kuwa na mtu wa kumlaumu. Walisalimia vizuri. Na kwetu mtu akikukuta unakula, unamkaribisha, hakuna mjadala. Nikawapa viti, nikawapakulia.

Mume wangu akasimama. Si msemaji, lakini siku ile alisema. Alieleza alivyotumwa maji miaka yote, na alivyoitwa arudi pale kwenye jeki. Kisha akamgeukia Mfilipino, akasema maneno yenyewe, "Umenifundisha kazi yote. Sasa ninaiweza. Hata usipokuja kesho, kazi haitalala."

Tukapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele. Mfilipino alikuwa anafuta macho huku anatafuna firigisi.

Yule afisa wa kiume akaweka mfupa chini. "Fundi, nimesikia vizuri? Hata asipokuja, kazi haitalala?"

"Haitalala, mheshimiwa."

"Hata kuvuta zile nyaya?"

"Yote. Huyu bwana hakunificha kitu."

Na Mfilipino, kwa kutaka naye amsifu mwanafunzi wake, akaongeza kwa nguvu, "Huyu mzuri kuliko mimi! Mimi sasa naangalia tu."

Afisa akatabasamu, akanishukuru kwa chakula, akasema kuku wa Singida hana mpinzani. Nilifurahi. Nilimfungashia na supu.

Kibali cha Mfilipino kilipofika wakati wa kuongezwa, hakikuongezwa. Sababu ilielezwa bila kuficha: kazi ile sasa kuna Mtanzania anayeiweza. Sheria inasema mgeni aje kwa ujuzi usiopatikana hapa, amrithishe mwenyeji, kisha aondoke. Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe, ningeulizwa barabarani, ningeiunga mkono kwa mikono miwili. Mara ngapi tumelalamika kwamba wageni wanakuja kufanya hata kazi ambazo ndugu zetu wanaziweza? Lakini sheria niliyoiona ilikuwa na sura ya mtu mfupi amekaa kwenye kiti cha plastiki kibandani kwangu, anajaribu kucheka na kicheko hakitoki.

Mume wangu hakukubali. Tukaenda mjini Singida, mimi na yeye, ofisini kwa yule afisa. Mume wangu alivaa shati la kanisani. Akaeleza kwamba yale yalikuwa maneno ya mila, ndivyo tunavyomshukuru mwalimu, si maneno ya ofisini. Akasema daraja bado lina mihimili mingi, na wawili wanafanya kazi salama kuliko mmoja.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. "Ndugu yangu, nakuelewa. Mimi pia nina mila kwetu. Lakini nikuulize kitu kimoja tu. Unaiweza hiyo kazi, au huiwezi?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mpaka leo sijui nilimkanyaga ili aseme anaweza au aseme hawezi. Akisema hawezi, rafiki yake anabaki, lakini na yeye amejishusha mwenyewe, kesho atarudishwa kwenye nondo na keshokutwa daraja likiisha ataanza tena kuzunguka nchi. Akisema anaweza, nafasi ni yake, jina limepanda, na ninamlaza nyumbani kwangu.

Mume wangu akaangalia mikono yake. Hajui kusema uongo. Ni ugonjwa wa familia nzima. "Naiweza," akasema.

"Basi hongera," afisa akasema, na alimaanisha. "Sisi hapa tunawapigania ninyi."

Mfilipino aliondoka bila sherehe. Alimwachia mume wangu glovu zake, na mimi akaniachia kile kiti, ingawa kiti kilikuwa changu toka mwanzo. Nilijifariji kwa kumfikiria mkewe. Nikasema, haya, mwanamke mwenzangu sasa anatoa ile picha ukutani.

Tukaingia miezi mizuri. Nisijifanye eti sikuifurahia. Mume wangu alipewa nafasi yenyewe, akawa anaitwa "mtaalamu", wengine kwa heshima na wengine kwa utani, na mhandisi alimsikiliza. Tulianza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma mahali palipokuwa na ile ya udongo. Ikapanda mpaka kwenye renta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha. Binti yetu alikuwa anawatembeza marafiki zake ndani ya vyumba visivyo na paa, akiwaonyesha mahali kitanda chake kitakapokaa.

Kisha siku moja mchana, redio ya kibandani ikasema kwamba kodi ya chuma kinachotoka nje imepandishwa, ili kulinda viwanda vya ndani. Wanaume wakashangilia. Fundi mmoja wa zege aligonga meza mpaka chai ikamwagika, akasema ndiyo maana yake, kwa nini tununue misumari ya watu wakati tuna viwanda? Na mimi nikaona ana haki. Nikaifuta meza, nikamwongeza chai.

Hatukujua kwamba nyaya za mihimili iliyobaki zilikuwa zimeshafika bandarini, Dar es Salaam. Zikakwama huko. Mhandisi alitueleza kwa uso wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Nyaya za aina ile hakuna kiwanda cha nchini kinachozitengeneza, hata kimoja, kwa hiyo hakuna aliyekuwa analindwa. Lakini kwenye karatasi za forodha ni chuma, na chuma ni chuma. Mkandarasi anasema mkataba wake ulisainiwa kabla ya kodi hiyo, kwa hiyo serikali iilipe. Wizara moja inasema msamaha wa kodi upo, ila lazima uombwe na wizara nyingine. Wizara nyingine inasubiri barua kutoka kwa ile ya kwanza.

"Kwa hiyo nani anaamua?" mume wangu akauliza.

Mhandisi akakuna kichwa. "Kaka, ningemjua ningekuwa nimelala mlangoni kwake."

Hapo ndipo nilipoielewa hali yetu. Ukionewa, unaye wa kumkabili. Unaweza kumfokea, na mimi kufoka najua. Lakini nimfokee nani? Afisa wa vibali alitutakia mema. Aliyepandisha kodi alitutakia mema. Mmoja alitulindia kazi zisichukuliwe na wageni, mwingine akatulindia viwanda visiuawe na bidhaa za wageni, na sisi katikati yao tulilindwa mpaka kibanda changu kikakosa mteja.

Walianza kupunguza vibarua. Wakafuata mafundi nondo, maana nondo zenyewe zilishafungwa zikaisha. Wakafuata watu wa zege. Yule aliyegonga meza alikuja kuniaga, akasema anaenda Ulemo kwa shemeji yake kulima, na hakutaka nimkumbushe habari ya misumari, nami sikumkumbusha. Nikaacha sufuria kubwa nikatumia dogo. Kile kiti cha Mfilipino nikakirudisha kwa wateja, kiti ni kiti, lakini hata wa kukikalia hakuwepo.

Mume wangu walimbakiza, kwa sababu nyaya zikifika yeye ndiye wa kuzivuta. Kila asubuhi alienda saiti kama kawaida. Anafungua stoo, anaitoa jeki, anaifuta vumbi, anaipaka grisi, anaijaribu, anairudisha. Nilimpelekea chai nikamkuta ameketi mbele ya ile mashine, amevaa glovu, mikono juu ya magoti. Nikataka kumwambia neno la kuchekesha. Sikulipata. Nikakaa naye tukaangalia mihimili iliyosimama korongoni, mbuzi wamejilaza kwenye kivuli chake. Niliumia. Ilikuwa kama kumwangalia mgonjwa ambaye daktari yupo, dawa ipo, na mlango wa duka la dawa umefungwa.

Mwisho naye akaambiwa akapumzike nyumbani, watampigia simu.

Hakupumzika. Alizunguka vijijini kutafuta kazi ya nyumba za watu. Fundi wa daraja hashindwi kumwaga renta. Lakini nondo zilikuwa zimepanda bei dukani, na kila mwenye nyumba aliyemtembelea alimwonyesha ukuta uliosimama palepale ukuta wetu uliposimama. Ukipita njia ya Ilongero wakati ule uliona nyumba nyingi zimekatika kwenye urefu mmoja. Nilienda mjini kwa mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi ambaye babu yake alizikwa Singida na yeye anaongea Kinyaturu kuliko wanangu. Nilienda na hasira zangu zote, nikijua atakuwa anatunyonya. Akanitolea kiti.

"Mama, unadhani mimi nafurahi?" akasema. "Wa kiwandani ameona za nje zimezuiwa, naye kapandisha zake. Bei mimi naipokea tu, kama wewe. Tofauti yetu ni kwamba mimi natukanwa kila siku."

Alinipa soda, nikainywa, nikarudi nyumbani.

Yule Mfilipino ndiye aliyepiga simu. Kumbe hakukaa kwao hata kidogo; alikuwa ameshapata daraja lingine, nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari. Ile picha haikupata muda wa kutoka ukutani. Alisikiliza habari zetu, akasema anamjua mkandarasi Zambia anayetafuta mvuta nyaya, huko hawana mtu. Kibali kitapatikana kwa urahisi kwa sababu hakuna mwenyeji anayeiweza kazi hiyo.

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama chini.

Kabla ya kukata simu, Mfilipino akacheka kile kicheko chake na kusema, "Lakini huko, wakikuletea kuku, kataa." Tulicheka wote watatu, na mimi nilicheka mpaka nikalazimika kutoka nje.

Alisafiri kwa basi mpaka Tunduma na kuvuka. Nilimfungia karanga na chupa ya asali, nikamwekea na glovu zile. Binti yetu hakulia. Alimwamkia shikamoo, kwa adabu sana, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Sasa mume wangu ni mtaalamu wa kigeni. Karatasi zake zimeandikwa hivyo. Ana kadi kifuani, anakaa kambini chumba chake, na Jumapili anaenda kanisani kwa watu ambao nyimbo zao hazijui. Mchana ananipigia kwa video. Juzi alimgeuzia simu mama mmoja mwenye kibanda cha chakula hapo getini kwao, tukapungiana mikono. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na aliniangalia kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Nilimjibu kwa tabasamu, kisha nikajisingizia mtandao umekatika.

Nyaya bado ziko bandarini. Mvua zimeanza, na watu wa ng'ambo wanasubiri tena maji yapungue, wakiwa wamekaa chini ya mihimili ili wasilowe. Kanisani nikipiga magoti sijui niombe nini. Nikiomba kibali chake kiongezwe, naomba mume wangu asirudi. Nikiomba kisiongezwe, namrudisha kwenye ukuta usio na renta na mashine isiyo na waya. Mara nyingi naishia kumwombea afya, kisha nanyanyuka.

Jana alipiga simu akiwa na furaha. Amepewa mtu wa kumfundisha, ndiyo sheria ya huko pia. Ni mtu mzima kama yeye, mwenye watoto, kwao ni karibu na hilo daraja, kila jioni anarudi nyumbani kwa baiskeli. Anashika kazi haraka, mume wangu akasema, haraka kuliko alivyoshika yeye mwenyewe. Ana mkono mzuri. Mkewe ndiye yule mama wa kibanda.

Nikamwambia, kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie, "Baba, mkifika sehemu ngumu, mtume maji."

Nilisikia mashine fulani inazimwa, na mtu anamwita kwa mbali.

"Siwezi, mama," akasema. "Pale kwenye jeki mimi sikutumwa."

Nikamwambia haya, kazi njema.